Bipu ya Alfajiri

Jumatatu, 1 Julai

Saa kumi na moja na nusu mama mdogo kabipu. Mara moja. Maana yake nimeamka. Nami nikambipu mara moja. Maana yake nimesikia. Yeye ndiye pekee aliyebaki katika ndugu wa marehemu mama. Anaishi peke yake kule juu, mwendo wa saa nzima kutoka kwangu kwa mtu mwenye magoti mazima. Yangu si mazima. Ndiyo maana tunabipiana.

Nikarudi chini ya blanketi dakika tano. Baridi ya Mgeta mwezi huu haina adabu.

Mchana tumepakia lori, karoti na kabichi. Sauti imekauka. Kukusanya mboga za watu ni kazi ya kupiga kelele tu, hakuna kingine. Kikombe cha chai ya tangawizi kimenisaidia kidogo.

Jioni akapiga Kidevu, dalali wetu wa Dar. Sasa anataka picha. Picha ya njegere zikiwa bado shambani, wanunuzi wake wazione kabla hajatuma lori. Nikamwambia simu yangu ni kitochi cha vitufe, hata tochi yake inapepesa, picha nitaitoa wapi. Akacheka. Akasema mwenzangu wa bonde la pili ana simu ya kupangusa, na anatuma picha kila siku. Sikukipenda kile kicheko.

Alhamisi, 4 Julai

Rehema kapiga. Binti yangu huyu anafundisha chekechea mjini Morogoro na anadhani na mimi ni mwanafunzi wake. Mama nunua simu. Mama utamwona mjukuu. Mama dunia imekwenda.

Iende tu. Kitochi hiki nina mwaka wa tisa nacho. Kimeanguka mtoni mara mbili. Nikikichaji Jumamosi, Ijumaa bado kiko hai. Idd iliyopita Rehema alinipa simu yake nipanguse. Nikapangusa, wapi. Kioo hakinitambui. Vidole vyangu vimekuwa vigumu kwa jembe, kile kioo kinataka vidole vya walimu. Mjukuu akanicheka. Nilicheka pia lakini iliniuma.

Halafu kuna jambo ambalo Rehema halielewi. Kule juu nina wanawake zaidi ya ishirini ninaowakusanyia mboga na wote wana vitochi. Nusu yao hawasomi. Nawabipu. Mara mbili: chumeni, kesho lori. Mara tatu: hakuna lori, acheni shambani. Utaratibu huo niliubuni mwenyewe na haujawahi kukosea hata siku moja. Hakuna anayepiga kuuliza mara mbili maana yake nini. Mbili ni mbili.

Jumamosi, 6 Julai

Lori halikuja. Limekwenda bonde la pili.

Nimewabipu wote mara tatu. Nilipofika kwenye namba ya mama mdogo mkono ukawa mzito. Njegere zake ziko tayari, matuta yote manne, na ndizo anazozitegemea kwa bati la jiko. Paa la nyasi linavuja mpaka anapika na mwavuli. Si utani, nimemkuta kwa macho yangu. Njegere haingoji mtu. Ikipitiliza inakuwa ngumu, watu wa Dar hawaitaki.

Nimekasirika na Kidevu. Nimejikasirikia na mimi.

Jumatano, 10 Julai

Nimenunua. Haya basi.

Nimeshuka Morogoro na gari la asubuhi, Rehema akanipeleka kwa fundi simu. Kijana wa watu ana kucha ndefu kuliko zangu. Akaitoa laini yangu, akasema ni kubwa mno kwa simu hii, akaikata kwa kidude chake. Kata! Namba yangu ya miaka yote. Kilichobaki ni kifremu cha plastiki chenye tundu katikati. Alitaka kukitupa, nikakichukua. Nimekibandika hapa kwenye daftari kwa gundi ya ugali.

Kitochi kiko kabatini. Kinaonekana kidogo sana.

Nimechoka. Simu ina mwanga mkali.

Ijumaa, 12 Julai

Picha zimekwenda. Ilinibidi nisimame kwenye kona ya barabara ambako mtandao unapatikana, nimeinua mkono kama anayeomba mvua. Vidole nalowesha kwa mate kwanza, hapo kioo kinakubali. Kidevu akafurahi, akaniita mama wa kisasa. Lori Alhamisi ijayo. Njegere zote. Nitawabipu Jumatano.

Mama mdogo nilimbipu alfajiri kama kawaida. Lakini chaji! Asubuhi imejaa, jioni imekwisha. Kwangu sina umeme. Itabidi niwe naishusha dukani kwa Mzee Kibwana kila siku, kama mtoto wa kunyonya anayepelekwa kwa mama yake.

Naiweka kifuani, pale pale kwenye fundo la kanga nilipozoea kuweka kitochi.

Jumapili, 14 Julai

Kuni. Mizigo miwili. Mgongo hauna hamu na mimi.

Jioni natoa simu kifuani, imelowa jasho, imezima. Nimeiacha mezani. Kesho kuna msiba kijiji cha chini, nitaipitisha dukani.

Jumanne, 16 Julai

Sijui nianzie wapi.

Jana kutwa nilikuwa msibani. Simu niliiacha dukani, nikaifuata leo asubuhi. Kuiwasha tu, ujumbe wa kampuni ukaingia: nimetafutwa mara kumi na moja. Zote mama mdogo. Nikadhani ameanguka. Nikafungua orodha ya simu na hapo nikaiona. Jumapili saa kumi jioni. Mimi kwenda kwake. Sekunde mbili. Tena mimi kwenda kwake. Sekunde mbili.

Sikupiga mimi. Nilikuwa na kuni kichwani. Ilijipiga yenyewe, kifuani kwangu, kwa jasho langu. Jina la juu ni lake kwa sababu kila alfajiri wa kwanza ni yeye.

Bipu mbili.

Nikakimbia mpaka barabarani, pale lori linapopakia. Magoti sikuyasikia. Nikamkuta amekaa juu ya viroba vyake, vitano, amejifunika kanga, imeloa manyunyu. Jumapili ile ile alianza kuchuma. Jana tangu alfajiri alichuma na majirani wawili, wakashusha kichwani. Amengoja jana mpaka usiku. Usiku mke wa Mzee Kibwana kamlaza. Leo karudi kukaa. Mimi nilipita pale pale dukani asubuhi, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikatoka. Hatua hamsini tu kutoka alipokaa!

Akaniona. Akasema, "Zuhura, lori limechelewa?"

Hakuwa na hasira hata chembe. Ananiuliza tu.

Nikasema ndiyo. Limeharibika njiani. Litakuja Alhamisi.

Nimeyaandika haya ili niyaone. Nimemdanganya mama mdogo.

Jumatano, 17 Julai

Nimewabipu wengine mara mbili. Nimehesabu kwa sauti kila mmoja, moja, mbili, kama mwendawazimu.

Nimefungua viroba vya mama mdogo kuvipa hewa. Ndani kuna joto. Rangi imeanza kugeuka. Nikamimina juu ya turubai, nikachambua tangu asubuhi mpaka adhuhuri, nikamwambia ziko salama. Uongo wa pili. Yeye kakaa kando yangu anachambua pia, ananisimulia mama yangu alivyokuwa akiogopa mbuzi. Nilicheka. Nilitaka kulia.

Ningeweza kusema pale pale. Tulikuwa wawili tu. Sikusema.

Alhamisi, 18 Julai

Lori limekuja saa nne. Njegere za wengine zimepakiwa. Za mama mdogo kijana wa mizani kaingiza mkono, kanusa, kasukuma kiroba kwa mguu. Vyote vitano.

Ningelimeza hilo. Lakini mama mdogo, kwa heshima yake, akaenda kumpa pole dereva. Pole baba kwa gari kuharibika juzi. Dereva akashangaa. Akasema gari lake halijaharibika, na safari yake tangu mwanzo ilikuwa leo. Akanitazama mimi. Wote wakanitazama.

Mama mdogo hakuninyooshea kidole. Alikunja ngata yake, akashika njia ya kupanda. Njegere aliwaachia ng'ombe wa Mzee Kibwana.

Aibu. Hakuna neno lingine.

Ijumaa, 19 Julai

Saa kumi na moja na nusu. Kimya. Nilimbipu mimi. Hakurudisha.

Jumamosi, 20 Julai

Kimya.

Nimepanda kwake. Nimepumzika mara sita njiani. Nimemkuta anapika, nyasi za paa zimeanguka upande mmoja, moshi unatokea huko. Nikapiga magoti mlangoni, shikamoo. Akaitikia marahaba. Hata mtu aliyemuudhi lazima amwitikie, ndivyo alivyo.

Nikamwambia yote. Kuni, jasho, kioo, jina lake kuwa la juu. Nikatoa simu nimwonyeshe orodha. Hakuiangalia.

Akasema, "Simu ni kitu. Kinakosea, namsamehe nani hapo? Wewe ulikuwa umekaa na mimi asubuhi nzima tunachambua."

Basi. Akanipa kiti. Akanipa viazi. Nikamwambia bati nitanunua mimi, akasema hataki bati la pole.

Nimeshuka. Hii ndiyo adhabu inayonifaa na sijui itaisha lini.

Jumatatu, 22 Julai

Kimya siku ya nne. Rehema kasema nimrudishie fundi simu. Kidevu kasema nisithubutu. Nimechoka na ushauri wa watu.

Nimeamua mwenyewe. Leo nimekibandua kifremu kwenye daftari hili. Ukurasa umechanika kidogo. Nimeikalisha laini yangu ndani yake kwa ncha ya sindano, ikaingia sawasawa. Nikairudisha kwenye kitochi. Kikawaka, kikaimba ule wimbo wake wa kijinga. Nikakaa chini nikalia. Machozi ya nini sijui, kwa simu.

Ile ya kupangusa nimeiwekea laini mpya. Itakaa dukani kwa Mzee Kibwana kwenye chaji. Ni ya picha za Kidevu na ya kumwona mjukuu. Hainigusi kifuani tena.

Alhamisi, 25 Julai

Lori limekuja. Watu wamechuma kwa bipu zangu, wote isipokuwa watatu. Hao watatu walituma watoto kuja kuuliza kwanza, eti ni kweli mbili? Zamani hakuna aliyeuliza. Sikuwakemea. Nikawaambia ndiyo, ni kweli.

Alfajiri bado kimya. Kila siku nikiamka natoka nje natazama juu. Nikiona moshi wake, nashukuru Mungu, naingia ndani. Leo ukungu ulikuwa mzito. Sikuona moshi mpaka saa mbili. Nilikuwa nimeshavaa viatu.

Jumapili, 28 Julai

Kitochi kimeita saa kumi na moja na nusu.

Nikangoja kikate. Hakikukata. Kikaita, kikaita. Nikajua kuna jambo baya. Nikapokea.

"Zuhura."

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Nimeamka."

Nikasikia kuku wake, na kijiti kinapasuka motoni. Nikamuuliza mbona amepiga kabisa, salio litamwishia. Akasema ameweka vocha. Akasema, "Bipu basi tena, mimi na wewe. Mtu atasema kwa mdomo wake." Akakata.

Miaka yote ile sijawahi kusikia sauti yake saa hizo. Ina ukungu kidogo, kama ya mama.

Nimevaa nikashuka dukani kununua vocha, kesho nianze mimi kupiga. Mzee Kibwana alikuwa bado hajafungua. Nimekaa kwenye ngazi, nikangoja.