Mawese Kwenye Kwato za Proje

Avenue ya Msikitini,
Mulongwe, Uvira.
Tarehe 24 Septemba 2002.

Mpendwa mdogo wangu Walid,

Assalamu alaikum. U hali gani huko Ubelgiji? Baridi imeshaanza? Bella na watoto wazima? Sisi tunamshukuru Mungu, tunakula, tunalala, na milio ya bunduki kule milimani imepungua tangu Jumapili, ingawa kupungua kwenyewe ndiko kunakotutia wasiwasi. Magoti ya Mama ni yale yale. Mdomo wake pia ni ule ule.

Mzigo wako ulifika salama: viatu vinne vya plastiki, mirija mitatu ya gundi na karatasi ya maagizo. Nilipokuandikia kwamba punda wetu amepasuka kwato za mbele, nilitarajia dawa ya kupaka. Sikujua kwamba wewe, uliyekuwa ukimkimbia hata mbuzi wa jirani, sasa ni fundi wa kuvalisha farasi viatu. Kweli Ulaya inabadilisha watu.

Unajua kwa nini nilihangaika. Mapigano yakishuka mjini, mtaa mzima utavuka mpaka kukimbilia Gatumba kwa miguu. Mama hawezi kutembea hata kufika Kavimvira, na shemeji yako Kasimu hawezi kumbeba, maana kilo za Mama unazikumbuka. Aliyebaki ni Proje, yule punda jike tuliyeachiwa na watu wa mradi wa mpunga kule Bwegera walipokimbia. Proje asipoweza kutembea, Mama atabaki nyumbani peke yake.

Basi tukaanza kazi. Kasimu alikuwa mwalimu, na mwalimu hafanyi kitu bila kukisoma kwanza kwa sauti. Akakamulia gundi kwenye bakuli, akakoroga kwa kijiko, kisha akasimama kutusomea maagizo yako mara mbili, ya pili kwa wale waliochelewa kufika, kwa sababu nusu ya mtaa ilikuwa imejaa uani. Karatasi inasema gundi itumike ndani ya dakika moja, lakini huo ni mwaka mzima kwa jua la Uvira. Alipoinama, bakuli lilikuwa jiwe na kijiko kimesimama katikati. Ni kile kijiko cha Mama cha arusi. Mpaka leo kimesimama vile vile, na Mama amekiweka dirishani ili kila mgeni aulize.

Mara ya pili tulimnyima Kasimu karatasi. Tulikwangua kwato, tukaziosha, tukazikausha, na Kasimu akapaka gundi upesi kama anayezima moto. Viatu vikakaa. Proje alitembea vizuri hadi kwenye kizuizi cha askari, na pale pale kiatu cha kulia kikamtoka. Askari akakiokota, akakigeuzageuza.

"Hii kiatu iko ya nani? Iko na document?"

Kasimu akaanza kueleza ugonjwa wa kwato tangu mwanzo wake. Askari alichoka kabla hajafika katikati, akamrudishia kiatu na kumwomba aende zake. Wakati wanarudi, cha kushoto nacho kikaanguka.

Nikamwita Basile, yule anayeziba mipira ya baiskeli karibu na soko. Hajawahi kugusa kwato, lakini gundi anaijua. Aliingiza kidole ndani ya kiatu, akakinusa, akatuangalia wote mmoja mmoja.

"Nani ameweka mawese hapa?"

Mama akajibu bila haya yoyote kwamba ni yeye, wakati sisi tunahangaika kukata mdomo wa mrija. Proje anaandaliwa safari, na msafiri hatoki nyumbani kwake miguu mikavu. Tulicheka hadi Basile akakaa chini. Nilikukumbuka wewe asubuhi ile ya kuondoka, Mama alivyokupaka miguu mpaka soksi zikawa zinateleza ndani ya viatu, ukatembea kama bata hadi kwenye gari.

Basile akamweleza Mama kwa adabu kwamba mafuta na gundi havikai nyumba moja. Mama akasema ameelewa. Juzi jioni tukazisugua kwato kwa msasa na pombe kali ya dawa, tukazifunga kwa vitambaa safi ili zikauke mpaka kuche, na Basile akaahidi kuja kubandika kwa mikono yake.

Jana baada ya swala ya alfajiri nilitoka kuwasha moto. Nikamkuta Mama, yule asiyeweza kuinama kuokota ufagio, ameketi chini mbele ya Proje. Vitambaa vimefunguliwa, chupa ya mawese iko kwenye mapaja yake, na anapaka ukwato wa pili taratibu. Nilikasirika, Walid. Nilimwuliza kama anataka kutuua sote.

"Weye uende na bwana yako," akaniambia. "Minye siende fasi yoyote. Iko nangoja Walid. Siku mutoto atarudia, akute mulango imefungwa, ataulizia nani?"

Hasira zikaniisha. Niliketi chini pembeni yake tukalia wote wawili, na Proje akatumia nafasi hiyo kula vitambaa vya Basile.

Kwa hiyo usitume gundi. Umebaki mrija mmoja na Basile anasema unatosha, maana sasa tumejua mambo yote matatu: kutosoma, kukausha, na kumchunga Mama. Ninachokuomba ni barua, yake yeye mwenyewe, kwa mwandiko wako. Usimwahidi siku ya kurudi kama huijui. Mwambie tu kwamba popote atakapokuwa, Gatumba au Bujumbura, utauliza hadi umpate. Ameniapia kwamba ukiandika hivyo atapanda. Fanya haraka, mdogo wangu, kwa sababu bila hiyo barua hatumtoi, na mimi bila yeye sitoki.

Kasimu anakusalimu na anauliza kama una maagizo mengine ya kusoma. Basile anakusalimu kama fundi mwenzake. Msalimie Bella, uwabusu watoto kwa niaba ya bibi yao. Mungu akulinde huko, atulinde na sisi huku, atukutanishe tukiwa wazima.

Dada yako akupendaye kuliko unavyostahili,
Sumaya

Usidhani nimeandika barua hii jikoni. Mama ameikuta mezani kabla sijaifunga, akauliza inakwenda wapi. Nilipomwambia inakwenda kwako, akaleta chupa yake na kuipaka pembe zote nne, kwa sababu inasafiri.