Mama, Pima Mupira Hii na Kidole Yako

Bunia, siku ya Mungu, nyuma ya misa

Mama yangu mupenzi,

Kama unasikia maneno haya, njo Uketha amerudi kutoka ziwa, ameketi karibu yako na barua iko mu mikono yake. Uketha ndugu yangu, nakusalimia na weye. Somea mama polepole, na maneno ya mashini uigeuze vizuri mu Kialur, ju ni neno moja tu njo iliharibu kazi yetu.

Mama, macho inaamka namna gani? Ile wingu mu jicho ya kuume imesimama, ao inaendelea kufunika? Siye hapa tuko. Berocan anaota meno. Usiku analia, muchana analala mu mugongo yangu, na mimi nasinzia mbele ya jiko mpaka mboga ya sombe inaungua. Lakini hakuna mugonjwa mu nyumba, Mungu asifiwe.

Najua ulifunga vitu vyako mu kitambaa, ukaketi ku mulango kungojea gari. Najua pia majirani walisema, "Binti ya Bunia amesahau mama yake." Sikusahau. Sikiliza vile ilipita.

Gari ni ya yule muuzaji ya kahawa, patron mwenye bwana yangu Udaga anamutumikia. Alituachia tukuje kukukamata, tukupeleke ku hospitali ya wamisionari mbele munganga ya macho arudi kwao. Ni gari ya turbo. Maana yake, pembeni ya motere iko kamashini kanaisukumia hewa, ipande mulima bila kuchoka. Djugu tulipita vizuri. Lakini mu kupanda, mbele ya kufika Kpandroma, ikaanza kuhema sawa mutu ya kifua, na moshi nyeusi nyuma. Udaga akafungua kifuniko ya mbele. Mafuta ilikuwa inavuja kila pahali, motere yote inang'aa sawa samaki ya kukaanga. Tukageuza, tukarudi Bunia pole pole, mimi nashika mutoto.

Fundi Lobho, mwenye garage karibu na soko, akafungua motere yote. Alituonyesha ma-joint, zile karatasi ngumu zinakaa katikati ya chuma na chuma, mafuta isitoke. Zilikuwa zimeungua, unazigusa zinavunjika sawa majani makavu. Akaweka zote mpya. Mipira ya maji pia akabadilisha. Udaga akafurahi, akaniambia nifunge vitu, asubuhi tuondoke.

Fundi akasema, "Ngoja, bado mupira ya turbo, ile bomba inapitisha hewa."

Udaga akaipanguza na kitambaa, akaigeuza geuza. "Hii? Hii iko muzima! Haina tundu hata moja."

"Ingiza kidole ndani."

Udaga hakutaka. Mimi njo niliingiza. Mama, inje ilikuwa laini, nyeusi, ya kupendeza. Ndani ngozi yake ilikuwa imebanduka, inaning'inia. Gari ikitaka hewa nyingi mu mulima, ile ngozi inafunga njia.

Fundi akasema, "Haikupasuka. Imechoka."

Udaga akajibu, "Hata mimi nimechoka na ninatumika. Tutafika kwa mama yako Mahagi-Port nayo, tutarudi nayo."

Nikamuambia, "Weye ukichoka unalala mu kiti. Hii ikichoka itatulaza siye wote mu bonde. Mutoto yangu hapande, mama yangu hapande."

"Na macho ya mama yako?"

Ile neno ilinichoma, Mama. Nikafunga mutoto vizuri mu mugongo. Kiisha nikasema, "Nataka afike na macho, na afike na mwili." Fundi akacheka, akamuambia Udaga, "Papa Berocan, kuanzia leo mimi niko natumikia bibi yako."

Ile mupira haipatikane hapa Bunia. Tukawaza Uketha, ju anavuka ziwa kila mara na biashara yake, na ng'ambo vitu ya gari inapatikana. Udaga akatuma neno ya mudomo na dereva ya lori ya samaki: "Umuambie Uketha atutumie mupira, mbio mbio." Tukangoja. Lori ikarudi, dereva akashuka na kifurushi, anacheka. Ndani ilikuwa mupira ya kucheza! Mupya, na neno ya mujomba juu yake: mutoto acheze. Fundi Lobho alicheka mpaka akaangusha ufunguo. Udaga aliketi chini, akashika kichwa. Berocan, mwenye hata kusimama hajui, aliikumbatia na kuiuma.

Uketha, sikukasirikii. Mupira ni mupira, kosa ilikuwa ya kutuma neno bila kitu. Sasa natuma kitu yenyewe. Iko mu gunia moja na barua hii, ile mupira ya zamani. Usiitupe, na usiseme unaikumbuka mu kichwa. Vuka nayo. Ukipata ya namna moja, usiikabidhi dereva. Ipeleke kwanza kwa mama.

Na weye Mama, kazi yako njo hii. Vidole vyako vilitengeneza nyavu za baba giza ikiwa imeingia, na hakuna samaki alipita. Kamata ya zamani mu mukono moja, ya mupya mu ingine. Pima urefu, pima mudomo, kiisha ingiza kidole mpaka mwisho. Kama ndani iko laini pande zote, mupe dereva. Kama kidole inakwama hata kidogo, Uketha arudi nayo kwa mwenye duka. Mutu akikuambia "Mama, hauone, acha siye tuangalie," umukatalie. Udaga aliangalia na macho mawili mazima.

Na nakukataza kupanda lori ya samaki. Nakujua. Munganga ya macho hajarudi kwao bado; ungoje, tutakuja.

Unisalimie mama mukubwa anayekausha samaki, katekista aliyenifundisha kuandika, na bibi ya Uketha mwenye mimba, asinyanyue maji mazito. Berocan anakupigia mikono.

Mupira ya kucheza tunaichunga. Nataka umuambie mutoto, weye mwenyewe, iko rangi gani.

Mutoto yako ya kwanza,
Acan, mama ya Berocan