Sahihi ya Bwana Opio

Jumatatu, 8 Novemba 1976
Ofisini saa mbili. Utepe wa mashine umechakaa tena, nimeugeuza. Nimepiga chapa orodha ya wakulima walioharibiwa mashamba na mvua ya mawe. Serikali itawapa msaada. Bwana Opio, bosi wangu, aliwakagua mwenyewe, kila siku akirudi na tope mpaka magotini. Kila jina analijua. Mchana Kapteni, mkubwa wetu mpya kutoka jeshini, akaleta majina mengine. Jamaa zake. Yaingie, ya wakulima yatoke. Bwana Opio kasema hatatia sahihi. Kasema kwa sauti, sote tunasikia. Laiti angenyamaza.

Jumanne, 9 Novemba
Hajaja kazini. Koti lake liko kitini.
Adhuhuri mkewe alifika kutoka nyumbani kwao Mulago, mtoto mgongoni. Watu wawili walimkamata mumewe jana jioni, wakamtia ndani ya gari.
"Zuhura, wewe uko hapa kila siku. Hujasikia kitu?"
Sijasikia. Nikampa koti. Ofisi nzima hakuna aliyeinua kichwa.

Jumatano, 10 Novemba
Nimepiga orodha mpya. Nimekosea mara nne. Mama anasema niache kazi. Nikiacha, wataniuliza kwa nini nimeacha.

Alhamisi, 11 Novemba
Kapteni kaniita. Orodha mezani, mahali pa sahihi patupu.
"Wewe najua sahihi ya Opio. Weka."
"Afande, mimi mpiga chapa tu."
"Wewe nataka yeye arudi, ao hapana?"
Nikaweka. O kubwa, mkia mrefu. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha.
Namwogopa Mungu. Kapteni namwogopa zaidi. Ndivyo ilivyo.

Ijumaa, 12 Novemba
Kila gari likisimama nje nadhani limenifuata mimi. Mke wa Bwana Opio kaja tena. Nilijificha chooni mpaka alipoondoka.

Jumatatu, 15 Novemba
Amerudi. Alhamdulillahi, amerudi!
Jicho moja limevimba. Anatembea kama mzee. Hakusema alikuwa wapi, na hakuna aliyeuliza. Alifungua faili, akaikuta orodha na sahihi yake chini. Akaitazama muda mrefu. Akafunga. Hakunitazama.

Jumatano, 17 Novemba
Siku ya malipo ya msaada, huko huko kwa wakulima. Kapteni kaamuru Bwana Opio ndiye asome majina. Akasoma. Watu wasiojulikana wakapita mbele, viatu vinang'aa. Wakulima wanatazamana.
Nalongo, mjane ambaye mvua haikumwachia mgomba hata mmoja, alingoja mpaka jina la mwisho. Kisha akasogea.
"Ssebo, bwana, si wewe ulikuja kwangu? Ulihesabu migomba yangu yote. Ulikula muhogo wangu. Jina yangu iko wapi?"
Kapteni alikuwa amesimama pale pale.
"Nalongo," Bwana Opio akasema, "orodha nilitia sahihi mimi."
Nalongo akatema mate karibu na miguu ya Bwana Opio. Akaenda zake.
Mimi nilikuwa hatua mbili tu. Mwoga mimi.

Alhamisi, 18 Novemba
Siwezi kumtazama Bwana Opio.

Ijumaa, 19 Novemba
Kapteni hayupo leo. Tulibaki wawili. Nikamwambia: ni mimi. Akasema alijua tangu alipofungua faili. O yangu ni nzuri kuliko yake. Akasema bila ile sahihi huenda asingetoka. Huenda. Sikumwuliza zaidi.
Halafu akasema kesho anakwenda kwa Nalongo. Amenunua mbegu za maharagwe pale sokoni Kalerwe. Atamweleza, ikiwa atakubali kusikiliza. Akaniuliza kama nitakwenda naye.
Nimesema ndiyo.
Nimepiga pasi gauni. Basi linaondoka saa moja asubuhi. Sijui nitaanza na neno gani.