Meja Kobe na Kofia Yake

Wening uko wapi, shika simu! Nimeumbuka mbele ya mama mkwe.

Si unaujua mdomo wangu? Nimewakusanya watoto, mama mkwe naye kakaa, nikatangaza: "Leo mtaona katuni za enzi zetu, zilizotufundisha adabu. Siyo huo upuuzi wenu." Nikawawekea Meja Kobe, nimeipata mtandaoni. Nikafungulia sauti hadi mwisho.

SAUTI, Wening. Sisi tuliisikia lini? Tulikuwa tunachungulia runinga dirishani kwa jirani yetu Bu Sumiyem, vioo kafunga kwa sababu ya kelele zetu, na kaka yako Mas Tegar kabandika sikio kwenye kioo anatusimulia wanachosema.

Basi ikafika pale bata anazama, Meja Kobe anajitosa mtoni. Nikapiga kelele, "Sikilizeni sasa!" Nangoja maneno yetu yale, "Rafiki haachwi mtoni." Yale niliyoyachapisha kwenye kadi ya harusi!

Meja Kobe kaibuka, bata kang'ang'ania kofia yake. Akasema: "Achia kofia yangu, mpumbavu wewe!"

Kofia! Alifuata kofia!

Mama mkwe kanigeukia taratibu: "Hiyo ndiyo adabu mliyofundishwa, binti yangu?"

Kaka yako hakusikia hata neno moja. Miaka yote ile alikuwa anatunga!

Ikabidi niwaambie watoto ukweli. Galih wangu akanivuta nguo: "Mama, zima hii. Tunataka ile ya Mjomba Tegar."

Mwambie aje Jumapili. Vioo nitafunga mwenyewe.