Torshi Utakayotuletea

Kilibula, Uvira
Tarehe 24 Novemba 2002

Mpendwa mdogo wangu Pontien,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Afya yako iko namna gani huko Kigoma? Kile kikohozi kimeisha? Sisi tuko wazima, Mama pia, ila magoti yanamsumbua akienda misa.

Kabla ya lolote, ujue kwamba mke wako Keza amejifungua mtoto wa kike. Wote wawili ni wazima. Lishike hilo moyoni unaposoma yanayofuata, kwa sababu si mepesi.

Ildephonse, yule wa kwenye boti, alitufikishia swali lako: ukitununulia torshi ya kumulika nyumbani, tunataka ya aina gani? Ningekujibu kwa neno moja, lakini afadhali nikueleze yaliyotupata.

Mwezi uliopita mji ulichukuliwa na wapiganaji, kisha ukachukuliwa tena na wengine. Alhamisi moja, saa sita mchana, risasi zilianza kulia upande wa mlima. Tulijifungia katika kile chumba cha kuwekea mihogo, kisicho na dirisha, na humo humo uchungu ukamshika Keza. Anne-Marie, mkunga wetu, alipita nyuma ya nyumba akiwa ameinama mpaka akatufikia.

Nje jua lilikuwa bado kali, lakini mle ndani hukuona hata mkono wako. Torshi tuliyokuwa nayo niliinunua mimi mwenyewe soko la Mulongwe. Niliichagua kwa sababu ilikuwa nyekundu, inang'aa, na muuzaji alipoiwasha ilinichoma macho. Mawe yake, yaani betri, yalikuwa mapya. Mtoto alipotoka iliwaka vizuri, tukamwona, akalia. Kisha ikaanza kupepesa. Nikaipiga kiganjani, ikawaka, ikazima. Mara ya nne haikurudi.

Keza alikuwa anatoka damu nyingi. Anne-Marie alijua amechanika, ila hakuona pa kushona. Aliniambia polepole, bila kupandisha sauti: “Weye Florentine, minye sioni. Tafuta mwanga, huyu muntu anaisha.”

Mdogo wangu, sijawahi kujichukia kama saa ile. Kufungua mlango hakukuwezekana. Nilipiga ukuta unaotutenganisha na mzee Nkeshimana, nikamwita nikamweleza. Tukasikia anagonga kwa jembe upande wake, tofali moja la udongo likadondoka, na mkono wake ukapita na torshi nzee ya chuma, ya tangu alipokuwa mlinzi kiwandani.

“Shika, mwanangu,” alisema. “Hii haizimi.”

Haikuzima kweli. Niliishika mpaka mkono ukafa ganzi, Anne-Marie akashona mpaka damu ikakata. Ndipo nami nikaanza kulia, naye akaniambia niache, machozi yanatikisa mwanga.

Basi tafuta ya chuma, si ya plastiki, inayotumia mawe mawili makubwa, maana hayo yanapatikana hata kijijini Lubarika. Usiridhike na mwanga wa mara ya kwanza. Iache iwake muda wa kunywa chai, kisha uitikise, na ikipepesa umrudishie muuzaji. Fungua kitako utazame springi kama ina kutu. Kitufe kiwe kigumu, kisijiwashe chenyewe, kwa sababu hapa mwanga usiotakiwa unaita risasi. Rangi usiiangalie kabisa.

Sasa kumetulia. Wanawake wamerudi kulima bondeni, shule imefungua, na Ildephonse anasema boti itafika bandarini Kalundu kila juma. Juzi Anne-Marie alipita, akamkuta Keza anatwanga majani ya sombe, akasimama mlangoni anacheka peke yake.

Jambo moja limebaki. Keza amekataa kumpa mtoto jina. Padri ameuliza, Mama amependekeza la kwake, na yeye anajibu tu kwamba baba wa mtoto yuko hai na ana mdomo wa kusema. Kwa hiyo torshi usimpe Ildephonse. Ilete mwenyewe.

Mama anakusalimu sana, na mzee Nkeshimana, na Anne-Marie, na shemeji yako Claude, mume wangu, aliyekuwa amekwama Lubarika na sasa amerudi. Mungu akuvushe ziwa salama, akupe nguvu za kumbeba binti yako.

Wako akupendaye,
Dada yako Florentine