Tulivyosema Amina kwa Bastola

Jumatatu. Baridi ya Julai, ile ya kufanya kazi umevaa koti.

Mume wangu anataka bastola. Fomu ya kuomba kibali ameshaijaza, iko mezani hapa kwetu mtaa wa Woodley, imebaki sahihi yangu tu. Inataka mtu anayemjua vizuri athibitishe kwamba ni mtulivu.

Hofu yake naielewa. Mwezi uliopita wezi waliingia kwa jirani mchana kweupe, wakamfunga kamba. Tangu siku hiyo mtaa mzima ni habari ya bunduki. Hata mjini River Road, kwenye duka ninakofanya kazi ya kuchapisha kadi za harusi, redioni ni habari hiyo hiyo. Leo mmoja alipiga simu akasema ukikataza bunduki ukataze na visu vya jikoni. Mwingine akasema anayepinga lazima ana ndugu jambazi. Wateja wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikakata kadi za watu zikaenda upande, ikabidi nianze upya.

Lakini kilichonimaliza ni ushirika wa jana.

Ilikuwa zamu yetu kukaribisha ushirika wa nyumbani wa kanisa letu. Baada ya neno, mume wangu, Baba Ndinda, akaomba ushauri kuhusu bastola. Nikafurahi, nikadhani sasa watu wataulizana maswali. Ndugu Kamau wa Waithaka akasimama, akasema Bwana asifiwe, akashuhudia jinsi majambazi walivyomvamia langoni, akachomoa yake, wakatimua mbio. Sote tukasema amina.

Ikaisha hapo.

Ushuhuda haupingwi, jamani. Nani atamuuliza ndugu aliyeokolewa habari za wale ambao hawakuokolewa? Aliyenyang'anywa bastola yake akapigwa nayo hakuwa sebuleni kwetu kushuhudia. Tulimsikia mmoja aliyepona tukamfanya ndiye wote. Halafu mama mmoja akanigeukia akaniuliza kama nataka mume wangu afe. Yaani ni bastola au jeneza, hakuna kingine.

Nami nilisema amina. Tena kwa sauti. Naona aibu hata kuandika.

Kwa sababu kuna jambo nimelimeza. Wiki tatu zilizopita binti yetu Ndinda alirudi mapema kutoka chuoni, saa nane mchana, akaingia kwa mlango wa jikoni. Baba yake alikuwa amesinzia kwenye kochi. Akaruka na rungu. Lilipiga fremu ya mlango, karibu kabisa na sikio la mtoto. Baadaye tulicheka, kile kicheko cha mtu anayetetemeka. Sikumwambia yeyote, sikutaka kumwaibisha mume wangu.

Leo kwenye chai ya jioni nimejikaza.

"Baba Ndinda, siku ile ungekuwa na bastola?"

"Si hakuumia?" akasema. "Mama Ndinda, hiyo haikutokea. Tuongee mambo ya kweli."

Wezi nao hawajawahi kuingia kwetu, lakini hao kwake ni kweli. Nilitaka kumwambia hivyo. Akanisogezea kalamu, taratibu, kwa upole wake wote. Ni mtu mwema. Hicho ndicho kinachonitisha, kwamba mtu mwema anaweza kumuua mtoto wake mchana na chai ikiwa jikoni.

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwangu Ndinda alipofika.

"Baba, ni mimi," akaita kutoka kwa geti. Akafika uani: "Ni mimi, Baba." Mlangoni akaita tena, akasubiri ajibiwe ndipo akashika kitasa.

Nikakumbuka kuwa amekuwa akifanya hivyo kwa wiki tatu. Hakuna aliyemwambia. Na mimi nimekuwa nikisikia kila siku, nikiendelea na shughuli zangu.

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameinamisha macho kwenye kikombe, hanywi.

Fomu nimeirudisha mbele yake bila sahihi.