Tisini na Kopo la Nati

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji amefika. Mdogo wake mke wangu, yule rubani. Kaja na begi moja na maswali gunia zima.

Bosi wetu amempa kazi ya rubani msaidizi. Aliyekuwepo aliondoka ghafla, kofia yake bado inaning'inia msumarini. Shemeji hajasaini. Anataka kwanza kujua kampuni yetu ikoje. Mjini kaambiwa mambo mawili: kwamba ndege yetu hudondosha nati, na kwamba ikiruka hukaribia kukwangua uzio wa mwisho wa uwanja. Akaniuliza mimi, mpakizi wa mizigo, kama ni kweli.

Nati sijui, nikasema. Uzio — hapo nilimwongezea chai.

Kitanda nimemwachia. Mimi niko chini, juu ya maboksi. Mgongo wangu, pole.

Jioni mama watoto akapiga simu. Hakuuliza hali. Alisema nisikilize vizuri. Nikimwambia mdogo wake akubali kazi na ndege ikaanguka, nisirudi nyumbani. Nikimwambia akatae, akarudi kukaa sebuleni kwa mama yao kutazama dari mwaka mwingine, vilevile nisirudi. Ana imani nitatumia akili. Akili ipi? Shule niliiachia darasa la sita, na hata hilo la sita sikulimaliza.

Jumanne, 5 Machi

Nimempeleka kazini. Nikamwonyesha ndege zetu. Mbili, lakini inayoruka ni moja. Ile nyingine tunaiita Marehemu, imebaki mbavu, kila kilichokuwa kizima kimehamia kwa mwenzake. Inayoruka tunaiita Bibi. Kila asubuhi wapakizi wote tukifika tunampigapiga tumbo na kumwambia shikamoo. Kwa umri anatuzidi sote. Mimi huwa naitikia marahaba kwa niaba yake, maana si vizuri salamu ibaki hewani.

Shemeji alicheka. Halafu akaacha kucheka, akauliza: nani kati yetu huenda kwao kwa ndege hii?

Ghafla kila mtu akaona mzigo unaohitaji kupangwa upya.

Maana nafasi ya bure ipo. Bosi karuhusu mfanyakazi yeyote aliye likizoni apande, na Bibi anatua mji wa kwetu kila Jumatatu. Mimi naenda kwa basi. Siku mbili! Nafika mimi kwanza, magoti yanafuata kesho yake. Nikamwambia shemeji napenda kuangalia nchi. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Baadaye akakaa na Fundi. Fundi kaapa injini ni nzima, mwaka huu kazifungua mara mbili, hakuona kitu. Lakini hata yeye anashangaa, kila mwezi Bibi anakimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka. Kapteni, rubani mkuu wetu, yeye kasema ni uzee tu, hata yeye sasa hunyanyuka kitini kwa awamu. Mwisho Fundi akalalamika kwamba humu kuna mwizi. Anamwibia nati karakanani.

Shemeji amerudi mnyonge.

Jumatano, 6 Machi

Leo kaja kuangalia tunavyopima mizigo. Mizani yetu ni ile ya mkono mrefu, unaning'iniza jiwe mwishoni. Jiwe lilipotea siku nyingi. Tukaweka kopo la maziwa la bati, tukalijaza nati. Tutajuaje kopo limetosha? Rahisi. Tisini!

Tisini ni msimamizi wetu, ndiye aliyenipa kazi hii nikiwa sina hata kandambili. Siku aliyoajiriwa daktari alimpima, kilo tisini kamili, na cheti kimebandikwa ukutani. Jina likamganda. Basi kila Jumatatu anapanda mizani. Mkono ukisoma zaidi ya tisini, tunasema mizani imelegea, natia nati koponi mpaka isome tisini. Ndiyo, natia mimi. Siku hizi inalegea sana.

Shemeji akapanda kwa utani. Hamsini na saba. Akashuka, akapanda tena. Hamsini na saba. Akasema mwezi uliopita, kwenye vipimo vya urubani, alikuwa sabini.

Tisini akamwambia asijali, kazi ya mizigo humkondesha mtu hata akiitazama tu.

Mchana kutwa shemeji alikuwa akijishika mashavu.

Alhamisi, 7 Machi

Amemwambia dada yake!

Mama watoto kanipigia nikiwa na boksi begani. Nimemfanya nini mdogo wake? Kaja kwangu sabini, siku tatu kabaki hamsini na saba. Namla? Nikaapa kwamba anakula sahani yake na nusu ya yangu. Akasema basi ni ugonjwa, na ugonjwa ni wa chumba changu. Akakata.

Leo sina la kuandika zaidi. Nimempa na nusu nyingine.

Ijumaa, 8 Machi

Karani wa ofisini katuambia yeye anaipenda mizani yetu kuliko zote mjini. Huwa anapita kujipima akiwa na huzuni. Hapo shemeji akanivuta mkono, tukaenda moja kwa moja mnadani, kwenye mizani ya ng'ombe. Mwenye mizani akakubali. Shemeji akasimama kwenye zizi. Sabini.

Tukatoka. Njiani akataka nimweleze tena tunavyolijaza lile kopo. Nikaeleza. Akatembea kidogo, akasimama.

"Shemeji, huyu Tisini ameoa lini?"

"Mwaka jana, baada ya mvua."

"Na mkewe anapika?"

"Anapika bila huruma."

Akakaa ukingoni mwa barabara. Na mimi nikakaa, maana ilikuwa imeniingia. Tisini si tisini tena! Kila anaponenepa, sisi tunaongeza nati, na kila mzigo unasomeka mwepesi kuliko ulivyo. Bibi si mzee. Bibi amebebeshwa. Na nati za Fundi hazidondoki angani, ziko kwenye kopo la maziwa. Nimezitia kwa mkono huu huu ninaoandikia, nikidhani ni za kuokota sakafuni.

Shemeji akasema basi huenda ndege haina ubaya. Akasema huenda. Bado hajui. Kapteni hajairusha na mzigo uliopimwa sawasawa tangu harusi ile ya Tisini.

Sasa nani atamwambia Tisini? Mtu aliyekupa kazi humwambii umenenepa. Na ile tisini ndiyo jina lake, ndiyo heshima yake. Shemeji akasema yeye ni mgeni. Nikajua maana yake.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwambia. Nilizunguka mbali — nikaanza na ndoa, nikamsifu mkewe, nikafika kwenye mizani. Akasema ni mifupa. Akasema ni buti. Akasema kwao wote wana miili inayodanganya macho. Mwisho akasema twendeni huko mnadani, na nikishindwa nitambebea chai mwezi mzima.

Alivua buti. Alivua mkanda, kofia, akatoa funguo mfukoni. Akavuta pumzi akaishika, kama vile pumzi ndiyo yenye kilo. Mia na kumi na moja.

Mchuuzi mmoja akauliza kama tunauza. Hakuna aliyethubutu kucheka, hata mimi niliyekuwa nikiumwa mbavu.

Tisini alivaa buti zake polepole. Halafu akasema, kwa sauti ndogo sijawahi kuisikia kwake: "Kwa hiyo mzee wa watu Kapteni amekuwa akininyanyua mimi miezi yote hii."

Tulirudi, tukamwaga kopo mbele ya Fundi. Alizitambua nati zake kama mtu anavyotambua kuku wake. Akaninunia, kisha akanikumbatia, kisha akaninunia tena. Bosi alinuna bila kukumbatia. Mizigo ikipimwa kwa haki itapungua, na wateja wataudhika. Lakini Kapteni alikwishaketi juu ya meza ya Bosi, akasema haendi popote mpaka shehena ipunguzwe. Bosi akakubali kwa safari moja. Ya Jumatatu. Shemeji atakaa kando ya Kapteni, aone uzio mwenyewe, ndipo asaini au aage.

Nikashusha pumzi. Mapema mno. Shemeji akanigeukia.

"Na wewe likizo yako inaanza lini?"

Nikasema bado. Tisini akasema inaanza Jumatatu.

Jumapili, 10 Machi

Nimefunga begi. Nimelifungua. Nimelifunga.

Mama watoto anauliza kama ni salama. Nikasema mdogo wake atakuwa mbele na Kapteni. Akasema hilo si jibu. Kweli, si jibu. Kasema atatusubiri uwanjani pamoja na watoto. Halafu, kwa sauti ya chini, akauliza basi la kwanza linaondoka saa ngapi, kama nitabadili mawazo. Wiki nzima hakuwahi kuniuliza hali, na leo kaniuliza namna hii.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika nikiwa ndani. Herufi zinaruka kabla yetu.

Asubuhi tulipima kila kitu kwa jiwe la kuazima kutoka mnadani. Rundo kubwa limebaki chini, limefunikwa turubai. Bosi alikuja na maboksi ya mteja wake, machache tu, alisema, mepesi tu. Tisini akasimama mlangoni mwa ndege, akajaza mlango wote. Akasema mepesi yake anayajua, na yeye amewahi kuwa mwepesi. Maboksi yakarudi.

Nimekaa nyuma ya marubani, mizigo mgongoni. Nimepimwa na mimi. Mkanda nimefunga, nikafunga na kamba juu yake. Wenzangu walimpiga Bibi tumbo na kumwamkia, na leo hapakuwa na wa kuitikia huko nje. Nikaitikia humu ndani, marahaba, sauti ikatoka ya kike.

Tumesimama mwanzo wa njia. Injini zinanguruma. Kwa dirisha namwona Tisini anakimbia — Tisini, anakimbia! — kando ya njia, mpaka kule mwisho. Amesimama kwenye uzio, palepale tunapopita. Fundi anamwita arudi. Harudi. Kainua mikono yote miwili juu, kama anayejiandaa kutupokea atusukume.

Shemeji kageuka. Hasemi, kelele ni nyingi. Kanionyesha kidole gumba, ananiuliza. Ni swali lilelile la Jumatatu iliyopita, na humu hamna chai ya kumwongezea.

Nimeinua changu.

Tunakwenda. Bibi anakimbia. Mkia unakuwa mwepesi, nadhani. Uzio unakuja, na mikono ya Tisini, na —